Bakuli halirudi tupu

Swali tunalomuuliza mgeni siku ya kwanza ni moja tu: kwenu asubuhi mnakunywa chai na nini? Hatumuulizi kazi yake, kabila lake wala dini yake, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba mambo hayo hujitokeza yenyewe ndani ya jibu, tena kwa upole kuliko ambavyo yangejitokeza kama tungeyauliza waziwazi. Dada wa Mombasa alijibu kwamba kwao ni mahamri kwa mbaazi za nazi, akaongeza kwamba mbaazi zilizolala usiku mmoja ni tamu zaidi, maana zikilala ndipo tui linapoingia ndani. Mama wa Kigoma alijibu muhogo wa kuchemsha. Kijana wa Bukoba alisema katogo, ndizi zilizopikwa sufuria moja na maharage au utumbo, na kwamba babu yake hatii kitu kinywani asubuhi kabla ya kutafuna buni kavu za kahawa. Dada wa Muscat, ambaye mama yake alizaliwa Unguja, aliandika neno moja, "Mandazi," na baada ya dakika chache akaongeza, "Kama yenu."

Tuko watu 11, tumefahamiana kwa simu, na wengi wetu hatujawahi kuonana ana kwa ana. Kinachotuunganisha ni kupenda chakula, na kupenda ninakokuzungumzia hapa si wingi wa kula. Mmoja wetu ana kisukari na hali nusu ya vitu anavyovipika, lakini pengine ndiye anayekijua chakula kuliko sote. Ninazungumzia ile hali ya mtu kukumbuka harufu ya jiko la bibi yake miaka 30 baada ya jiko lenyewe kubomoka, na kutaka kumweleza mtu mwingine harufu hiyo mpaka na yeye aisikie.

Mimi tabia hii niliichukua nyumbani. Nimezaliwa Pangani, pale mto unapoingia baharini, na katika mwezi wa Ramadhani kazi yangu ya kila jioni ilikuwa kupeleka mabakuli. Kabla ya adhana ya magharibi mama alikuwa akigawa futari: muhogo wa nazi kwa huyu, tambi za sukari kwa yule, magimbi yaliyoiva mpaka yakalainika kwa bibi wa nyumba ya pili ambaye hakuwa na meno ya kutafunia muhogo. Nilibeba bakuli lililofunikwa kwa sahani ya bati, nikapiga hodi, nikasema "Mama anakusalimu," nikasubiri. Kusubiri kulikuwa sehemu ya kazi, kwa sababu bakuli halikurudi tupu. Sikumbuki kufundishwa jambo hilo na mtu yeyote, na sikuwahi kuona nyumba iliyolivunja. Aliyepika alitia alichopika. Ambaye hakuwa na kitu alitia ndimu mbili, au kipande cha papai, au chumvi iliyofungwa katika karatasi.

Nyumba ya nne ilikuwa ya mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Machame. Hawakuwa Waislamu na hawakufunga, lakini mama hakuwaruka. Siku ya tatu au ya nne bakuli letu lilirudi na kitu kizito kama uji, cha rangi ya majivu mepesi, chenye vipande vya nyama ndani na harufu ya ndizi. Mama alionja, akanyanyua macho, akauliza nazi iko wapi. Kwetu ndizi mbichi hupikwa kwa nazi, na ndizi isiyo na nazi ilikuwa sawa na samaki asiye na chumvi. Alikula kijiko cha pili na cha tatu, kisha akanituma tena: "Nenda kwa mama mwalimu, mwambie mama ameshukuru sana, na anauliza umetia nini." Nilirudi na maelezo kamili, kwamba ule ni mtori, kwamba nyama huchemshwa kwanza mpaka iive kabisa, ndizi zikafuata, kisha zikapondwa kwa mwiko ndani ya supu ileile, na kwamba Uchagani hupewa mzazi ili apate nguvu na maziwa yatoke. Mwaka uliofuata alizaliwa mdogo wangu wa mwisho. Mama mwalimu alikuja na sufuria yake kila asubuhi kwa siku saba, na mama yangu, ambaye maisha yake yote aliamini kwamba mzazi hunyweshwa uji wa pilipili manga na si kingine, alikunywa mtori ule mpaka mwisho. Hadi leo anaupika, na hadi leo hathubutu kuutia nazi.

Kwa hiyo, tulipoanza kufahamiana sisi 11, mimi nilikuwa ninasubiri bakuli. Kwa miezi ya mwanzo tulibadilishana maneno, na maneno yana mpaka wake. Mama wa Kigoma ndiye aliyechoka kwanza. Alikuwa ameeleza mara tatu tofauti ya dagaa wa Ziwa Tanganyika na wale wa Ziwa Victoria, na mara tatu sisi wa pwani tulimjibu kwamba dagaa ni dagaa. Hakuendelea kubishana. Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu kutoka ofisi ya mabasi nikaambiwa nina mzigo. Ulikuwa umekuja kwa reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, ukashushwa Dar es Salaam na kupandishwa basi la Tanga. Ndani ya kiroba mlikuwa na dagaa waliokaushwa juu ya chanja, weupe kama fedha, wasio na chembe ya mchanga, na pembeni chupa ya mawese mekundu iliyofungwa kwa mifuko mitatu.

Sikujua lolote kuhusu dagaa hao kabla ya kiroba kile. Sasa ninajua kwamba huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu huifuata nuru hadi juu ya maji, na kwamba mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazina kazi, ndipo mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Ndiyo maana Mama wa Kigoma hawezi kuniahidi mzigo kwa tarehe. Huniambia, "Subiri giza." Mwaka 2024, uvuvi katika ziwa hilo uliposimamishwa upande wa Tanzania kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana, nasi tulisimama. Nilikuwa na kikombe kimoja tu cha dagaa kilichobaki kabatini, na nilikigawa katika mapishi mawili kama mtu anayegawa dawa. Habari ya kufungwa kwa ziwa ningeisikia redioni na kuisahau kabla ya chakula cha jioni kama nisingekuwa na mtu huko. Safari hii nilimpigia kumuuliza watoto wanakula nini, na akanieleza kwa kirefu.

Katika kundi letu yumo pia mama mmoja wa Uvira, upande wa Kongo, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa lilelile. Kiswahili chake na cha Mama wa Kigoma ni ndugu, lakini si pacha: mmoja anasema ugali, mwingine bugali, mmoja anasema kisamvu, mwingine sombe. Siku moja waliingia katika mashindano makali kuhusu samaki. Mama wa Kigoma alishikilia kwamba hakuna samaki wa maji baridi anayemfikia mgebuka aliyebanikwa juu ya mkaa na kuliwa kwa ugali wa muhogo. Mama wa Uvira alimjibu kwa heshima kubwa kwamba anasema hivyo kwa sababu hajala mukeke. Walipishana siku tatu. Kila mmoja alimsifu samaki wake kwa nyama yake nyeupe, kwa mafuta yanayodondoka motoni, kwa miiba yake michache, na sisi wengine tulikuwa tumeanza kugawanyika, wengine upande wa mgebuka na wengine upande wa mukeke, ijapokuwa wengi wetu hatukuwahi kumwona hata mmoja wao. Siku ya nne wakatumiana picha. Alikuwa samaki mmoja. Mrefu, mwembamba, mdomo uliochongoka, rangi ya fedha. Kigoma jina lake mgebuka, Uvira na Bujumbura jina lake mukeke, na anaogelea kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu bila kujua kwamba amevuka mpaka. Tangu siku hiyo wanaitana somo.

Mama wa Uvira ndiye aliyetufungua macho kuhusu majina ya dagaa wenyewe, ambao kwao na ng'ambo Burundi ni ndagala. Ukipanda hadi Bukavu na Goma utakutana na sambaza, na sambaza hawakuwapo katika Ziwa Kivu zamani. Walichukuliwa Tanganyika na kupandikizwa huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Aina hiyohiyo ilipelekwa katika bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, katika miaka ya 1960, na huko wanaitwa kapenta. Ninapowaza jinsi samaki mdogo kuliko kidole changu alivyotembea hivyo na kupewa jina jipya kila alipofika, ninaelewa kwa nini watu wawili wanaweza kuishi maisha yao yote wakidhani wanakula vitu tofauti.

Kiroba kile cha kwanza nilikiharibu, na ninataka kulieleza jambo hilo kwa sababu lilinifundisha kuliko mengine. Nilifanya kile ambacho mtu wa Pangani angekifanya: niliwaosha dagaa, nikawakaanga kidogo, nikawatia tui zito, ndimu na pilipili. Walikuwa watamu. Nilipiga picha, nikaituma kwa furaha. Mama wa Kigoma aliitazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mawese umeyapeleka wapi, mwanangu?" Mawese yalikuwa kabatini, yamefungwa vilevile katika mifuko mitatu, kwa sababu nilipoifungua chupa harufu yake ilinitisha na sikujua pa kuanzia. Nilikuwa nimepokea bakuli la mtu, nikala nusu ya kilichomo, na nusu nyingine nikaifunika.

Alinielekeza kwa simu mara nyingi baada ya hapo. Alisema tia mawese kidogo, nikatia kidogo, chakula kikawa kikavu. Alisema yapashe moto kiasi, nikayapasha mpaka yakafuka moshi na wekundu wake ukatoweka. Tulifika mahali nikaamini kwamba mkono wangu haukuumbiwa mafuta hayo. Kisha ikatokea harusi ya mtoto wa ndugu yake hapa Tanga, akaja, akalala kwangu siku nne, na siku ya pili akaingia jikoni. "Kidogo" yake ilikuwa upawa mzima uliojaa. "Kiasi" yake aliipima kwa kuweka kiganja juu ya sufuria, na mara tu joto lilipomgusa akatia kitunguu, wakati mawese yalikuwa yamekwisha kuyeyuka lakini bado mekundu kama yalivyotoka kwenye chupa. Baada ya kitunguu nyanya, baada ya nyanya dagaa waliotolewa vichwa na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, kisha moto akaupunguza mpaka ukawa kama haupo, akaketi. Hakukoroga. Mimi mkono ulikuwa ukiniwasha kukoroga, maana mpishi wa nazi amezoea kukoroga. Mafuta yalipopanda juu na kujitenga, akasema tayari. Nilikula kimya. Ile harufu iliyonitisha ilikuwa imegeuka kuwa kitu cha kina, kilicho karibu na karanga na karibu na moshi, ambacho sina neno lake.

Tangu siku hiyo nimekuwa na wasiwasi na neno kiasi. Wazee wetu walikuwa na vipimo vyao vya wazi. Bibi yangu alipima mchele kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na mtu akikwambia ametia kibaba ulijua ametia nini. Sisi tumebaki na kiasi, kidogo, na kadiri upendavyo, na kila mmoja huyajaza maneno hayo kwa mkono wa nyumbani kwao. Tulijaribu kukubaliana kutumia kikombe cha chai, kisha tukagundua kwamba kikombe cha Mombasa na kikombe cha Bukoba havilingani. Mwishowe tuliacha kuelezana vipimo, tukaanza kuelezana dalili, yaani jicho litaona nini, pua itasikia nini, mwiko utakuwa mzito namna gani. Hiyo ni kazi ngumu ya lugha, na ninaamini ndiyo iliyotufanya tujuane kweli, maana huwezi kumweleza mtu dalili usizozitazama kwa makini wewe mwenyewe.

Mtihani wangu ulikuwa tui. Kijana wa Bukoba alitaka kupika ndizi za nazi, na kwao nazi ni kitu cha safari. Nilimtumia nazi sita kavu, nikakaa nikijiuliza ninajua nini hasa kuhusu jambo ambalo nimelifanya tangu nikiwa na miaka saba. Nilimwandikia kwamba nazi nzuri ukiitikisa husikika maji, na iliyonyamaza uiache. Kama hana mbuzi ya kukunia, aparuze kwa kiparuzio cha matundu madogo, asifike kwenye gome la kahawia kwa sababu hapo ndipo tui linapopata rangi chafu. Maji ya kukamulia yawe ya vuguvugu na yawe machache. Tui la kwanza, ambalo kwetu tunaliita kasimile, lizibe mwanga ukilitazama katika glasi, na likae pembeni mpaka mwisho. Tui la pili na la tatu, yale mepesi, ndiyo ya kuivishia ndizi. Kasimile huingia ndizi zikiwa zimekwisha iva, na kuanzia hapo usiondoke, usifunike, na usiache kukoroga kwa kuinua mwiko kutoka chini kwenda juu, kwa sababu tui likiachwa lichemke peke yake hukatika, mafuta yakaenda huku na maji kule, na hakuna dua ya kulirudisha. Dalili ya kuepua ni mapovu madogo yanayoanzia pembeni ya sufuria na kuelekea katikati. Yakifika katikati umechelewa. Aliniandikia usiku kwamba bibi yake, ambaye amekula ndizi kila siku ya maisha yake, aliomba sahani ya pili na kuuliza ni ndizi za shamba gani.

Si kila kubadilishana kulikwenda vizuri hivyo. Kuna ndugu mmoja wa Morogoro aliyeandika namna mama yake alivyopika pilau, na katika maelezo yake mlikuwa na nyanya. Mimi nina msimamo kuhusu pilau, na sijauacha: rangi yake itoke kwenye kitunguu kilichokaangwa taratibu mpaka kikakaribia weusi, ladha yake itoke kwenye bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na nyanya zibaki kwenye kachumbari. Lakini niliusema msimamo huo kwa ukali. Niliandika kwamba hiyo si pilau bali ni wali wa nyanya, wengine wa pwani wakaniunga mkono, na yule ndugu akanyamaza. Alinyamaza mwezi mzima. Nilipompigia faragha kumuuliza hali, alinieleza kwamba mama yake alikuwa akiuza pilau hiyo kituo cha mabasi, na ndiyo iliyomlipia ada ya sekondari. Nyama ilikuwa kidogo kuliko wateja, na nyanya ndizo zilizoufanya mchuzi ufike kwenye kila punje. Mama huyo alikuwa amefariki dunia mwaka uliotangulia.

Nilimwomba radhi, kwanza peke yake, kisha mbele ya wenzetu wote, kwa kuwa maneno yangu niliyasema mbele ya wote. Ijumaa iliyofuata niliipika pilau ya mama yake hatua kwa hatua, nyanya zikiwemo. Bado ninaipenda yangu zaidi. Lakini sitasema tena kwamba ile si pilau, na kadiri ninavyolitazama jambo hili ndivyo ninavyoona kwamba sikuwa na haki ya ulinzi niliojipa. Pilau yenyewe tumeipokea kutoka Uajemi na India pamoja na jina lake. Karafuu ambayo tunaiona kuwa yetu kabisa asili yake ni visiwa vya Maluku, na ilianza kupandwa Unguja katika karne ya 19. Nyanya, muhogo, mahindi na pilipili zote zilivuka bahari kutoka Amerika. Sufuria ya pwani imekuwa ikipokea mabakuli ya watu kwa karne nyingi.

Dada wa Muscat ndiye aliyenifanya nilifikirie upande mwingine wa jambo hili, yaani chakula kinachoondoka. Watu wa mama yake waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na kama familia nyingine nyingi walifika Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango wenye asili ya huko. Kwa hiyo nyumbani kwao kuna majiko mawili katika jiko moja. Mishkaki wanaila nyumbani na wanaikuta ikiuzwa pembeni mwa barabara. Bokoboko, ile ngano iliyopikwa na nyama na kusongwa mpaka ikawa kitu kimoja, ambayo sisi tunaila Idi na harusini, kwa majirani zao Waarabu ni harees, na mwaka 2023 UNESCO iliitia harees katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa ombi la Oman, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia. Alituletea habari hiyo kwa fahari, na mama yangu aliposikia alisema, kwa dhati kabisa, kwamba hao waliopewa heshima hiyo waje waonje ya Pangani.

Nilimuuliza nimtumie nini. Nilitarajia ataomba ubuyu au achari. Aliomba kifumbu. Mama yake, alisema, huko hununua tui la kopo, na tui hilo si baya, lakini kwa miaka mingi amekuwa akisema kwamba ikiwa angekuwa na kifumbu angekamua nazi mwenyewe walau siku za Idi. Nilikitafuta kwa wiki mbili, kwa kuwa hata hapa Tanga watu sasa wanachuja kwa chujio la plastiki, mpaka nikampata bibi mmoja wa Pangani anayesuka bado kwa ukindu. Nilituma viwili kwa mkono wa msafiri. Dada aliniambia kwamba mama yake alikipokea, akakinusa kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akakining'iniza ukutani jikoni, na siku ya kwanza hakukitumia. Msafiri aliporudi alikuja na bakuli la halwa yenye zafarani na mfuko wa ndimu kavu nyeusi, ambazo Waomani hutia katika mchuzi. Nimejaribu moja katika mchuzi wa papa, ikaleta uchachu wenye moshi ambao ndimu yetu mbichi haina. Ninazitumia kwa ubahili.

Mzigo wa mwisho uliofika ni wa Bukoba, mwezi wa Novemba: senene, wamejaa ndoo ndogo ya plastiki, wamekwisha kutolewa mbawa na miguu na kukaushwa. Msimu huo, kule kwao na ng'ambo ya mpaka huko Masaka, watu huwasha taa kali usiku na kuegemeza mabati yanayong'aa. Senene huifuata nuru, hugonga bati na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka dagaa wa Kigoma, na nikamwandikia kijana kwamba yeye na Mama wa Kigoma wanafanya kazi moja, mmoja hewani na mwingine majini. Aliniambia pia kwamba zamani wanawake ndio waliowakusanya na kuwatengeneza senene, lakini kuwala kulikuwa haki ya wanaume, na kwamba dada zake leo hula mbele ya kila mtu. Dada wa Mombasa aliposoma hayo alisema ikiwa ni hivyo, sisi wanawake wa kundi tuna wajibu wa kuonja.

Nyumbani kwangu kulikuwa na swali la kutangulia. Shangazi, ambaye ninaishi naye, alitaka kujua kama ni halali, na hakuridhika na jibu langu. Alijifunga mtandio akaenda kwa sheikh wa mtaa wetu, mtu mzima aliyewahi kuishi bara. Sheikh alimjibu kwamba nzige wametajwa wazi kuwa halali, na kwamba yeye senene huwahesabu pamoja na nzige, kisha akauliza kama wamebaki. Shangazi alirudi akachukua kisahani, akampelekea.

Niliwakaanga kama nilivyoelekezwa, bila mafuta, kwa kuwa wanatoa mafuta yao wenyewe, nikatia chumvi na kitunguu mwishoni. Safari hii sikufunika nusu ya bakuli la mtu, wala sikutia nazi. Ni wakavu kwa nje na wana ulaini kidogo ndani, na ladha yake iko kati ya ngozi ya kuku iliyokaangwa na korosho mbichi. Mama alikula watatu, akasema anatosheka. Shangazi alikula mpaka nikalazimika kuficha waliobaki. Kisahani cha sheikh kilirudi jioni ileile na tende saba.

Ndoo ya Bukoba bado iko kwangu. Nimeiosha, nimeianika, na inangoja juu ya kabati. Maembe ya huku yalikuwa bado machanga senene walipofika, na nilitaka kumtumia kijana huyo kitu ambacho bibi yake hawezi kukipata kwao. Sasa yamekomaa bila kuiva, kama inavyotakiwa kwa achari. Nimeyakata vipande, nimeyatia chumvi, na leo ni siku ya tatu yako juani juu ya ungo. Kesho nitayatia pilipili, bizari, haradali na siki. Mama amepita mara mbili kuyageuza bila kuambiwa. Shangazi ameuliza kama ndoo hiyo haiwezi kubeba na chupa ndogo ya kasimile, na nimemweleza kwamba haitafika Bukoba bila kuchacha, lakini nazi nne kavu zinaweza kukaa chini ya achari, ikiwa nitaupata mfuniko unaobana.